Alama za Mkaa Kwenye Mwimo

Kahawa ya mwaka 1952 ilipoanza kuiva Mbozi, Ferista alikuwa na hofu moja tu: kupiga magoti. Baada ya mavuno wangekuja wazazi wa kijana aliyemposa binti yake Priska, watu wa ng'ambo ya mpaka wa Tunduma, na mama wa binti huwapokea wakwe magoti yote mawili yakiwa chini. Akiwapokea wima, amewafukuza. Na nyonga ya Ferista ilikuwa imelika mwaka wa nne huo. Hata kuchuchumaa shambani hawezi.

Ungedhani angemtuma mshenga aseme mama anaumwa, yaishe. Thubutu! Wangeuliza kama ugonjwa huo ni wa ukoo, na Priska angezeekea nyumbani. Akafunga mdomo, akatafuta dawa.

Ezron, dresa wa zahanati ya misheni, alimwambia kiungo kilicholika hakirudi, ila misuli inayokishika yaweza kutiwa nguvu. Akamfundisha kulala ubavu na kuinua mguu mara kumi asubuhi na jioni, kisha kuketi kwenye kigoda na kuinuka bila kushika kitu.

"Hilo la kigoda usiliache, mama," alisema.

Yunisi, dada yake Ferista, alicheka mpaka akakohoa. "Kurusha mguu kitandani kama mtoto mchanga? Njoo mtoni, mdogo wangu. Maji yanakubeba, unatembea husikii maumivu."

Ferista, kichwa kigumu tangu utotoni, hakumwamini yeyote. Mwezi mmoja akafuata ya Ezron, mwezi mmoja ya Yunisi, maji yakimfika kiunoni, baridi ya kutetemesha meno. Kila Jumapili alijishusha polepole akishikilia mwimo wa mlango, na pale mkono ulipoishia Priska alichora alama ya mkaa. Kuinua mguu kulimshusha shubiri moja. Mto ulimshusha shubiri moja na nusu, na usingizi ukarudi. Kigoda hakikumshusha hata kidole. Kilimtoa jasho na machozi tu, akawaachia kuku wakilalie. Tangu hapo akashika kitanda na mto pamoja. Wiki ya mwisho kabla ya ugeni, magoti yote mawili yakagusa sakafu. Alilia kwa furaha, maskini.

Wageni walifika Alhamisi. Ferista alishuka mbele yao uani, magoti yote mawili, akapiga makofi ya salamu, na mama wa kijana akaitikia kwa heshima. Kisha ikabidi ainuke akalete chakula.

Hakuinuka. Alijaribu mara ya kwanza, mara ya pili, na pale uani hapakuwa na mwimo wa kushika. Akakikumbuka kile kigoda. Miezi yote ile alikuwa amepima kushuka tu. Mwishowe Yunisi na Priska walimnyanyua kwa kumshika makwapani, mguu ukiburuzika, watu wote wakitazama.

Mama wa kijana hakumtazama Ferista tena. Alimgeukia Priska.

"Mwanangu," alisema kwa upole, "hebu tembea mpaka pale ghalani, urudi, tukuone."

Priska alitembea. Alitembea vizuri, amenyooka, machozi yakimtoka. Chakula kililiwa kidogo. Mshenga hakuja tena.