Faini ya Mlango Uliovimba

Binti wa kaka yangu si mtu wa kupiga simu. Hutuma ujumbe, na mara nyingi ujumbe wenyewe ni picha ya chakula. Kwa hiyo aliponipigia mchana wa Alhamisi, nikiwa chumba cha walimu nasahihisha insha, akanisalimia kwa adabu isiyo ya kawaida yake na kuniulizia habari za kila mtu nyumbani, nilijua kuna jambo. Alifika kwenye lenyewe taratibu.

"Shangazi, wamekataa kunipa kadi ya mtihani."

Alikuwa mwaka wa mwisho wa stashahada ya lishe katika chuo kimoja hapa Nakuru, na mitihani ya kumaliza ilikuwa inaanza Jumatatu. Asiye na kadi haingii chumba cha mtihani, na asiyeingia husubiri mwaka mzima hadi mitihani hiyo irudi. Kaka yangu analima viazi Keringet na kuviuza kwa bei anayopangiwa na wenye malori. Mwaka mmoja zaidi wa karo na malazi usingemwezekana, na mtoto alilijua hilo kuliko mimi.

Nilimwuliza sababu.

"Mlango," akasema.

"Mlango gani?"

"Wa chumba chetu. Fremu ilipasuka nikifungua. Nimepigwa faini ya kuharibu mali ya chuo, halafu kuna faini nyingine ya kuchelewa kulipa hiyo faini."

Nikamwuliza aliufungua vipi. Alishangaa, kama mtu aliyeulizwa anavyopumua.

"Nilifungua tu. Ulikuwa umekwama, nikauinua kwa kitasa nikausukuma kwa bega. Kama nyumbani."

Mtu aliyekulia sehemu za joto huenda asielewe jibu hilo. Sisi tuliokulia kando ya msitu wa Mau tunalielewa bila maelezo. Mvua ndefu zikianza, milango yetu hunywa maji na kunenepa. Mtoto hujifunza mapema, pengine kabla ya kujifunza kufunga kamba za viatu, kwamba mlango wa wakati wa mvua haufunguliwi kwa mkono peke yake: unauinua kidogo, unauwekea bega, unaingia nao. Hakuna anayekaripiwa kwa hilo. Mgeni pekee ndiye hubaki nje akitikisa kitasa.

Nilimwambia nitalipa. Fedha hizo nilikuwa nazo, ingawa faini ilikuwa imezidi bei ya mlango mpya pamoja na fundi wa kuuweka. Nilitaka tu aingie mtihani, mengine yafuate baadaye.

"Hapana, Shangazi," akasema. "Ukilipa itaonekana nilivunja. Mimi sikuvunja. Nilikuwa naingia kulala."

Nilikata simu nikiwa nimekasirika kidogo, kwa sababu nilijua ana haki na haki yake ilikuwa imeniongezea kazi.

Sipingi faini. Nilisoma chuo enzi ambazo mwenye kuvunja kioo cha dirisha alikwenda mwenyewe kwa msimamizi akasema ni yeye, akalipa, mambo yakaisha. Wanafunzi mia kadhaa hawawezi kukaa chini ya paa moja bila mtu kuwakumbusha kwamba sinki si pipa la taka. Ila faini, kwa maoni yangu, humwuliza mtu swali: ungeweza kufanya vinginevyo? Asiyeulizwa swali hilo hakutozwa faini. Amechangishwa tu.

Ijumaa niliomba ruhusa ya kutoka mapema nikaenda chuoni. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Bweni lenyewe lilikuwa jipya, la ghorofa, lililojengwa mbio mbio ili liwahi kufunguliwa mwanzoni mwa mwaka. Mtoto alinipokea mlangoni akanipandisha juu, na jambo la kwanza nililoona ukumbini mwa ghorofa ile ni kandambili. Kila mlango ulikuwa umewekewa kandambili moja chini, ili usijifunge kabisa.

"Za nini hizi?"

"Ukifunga, hautafunguka," akasema. "Lakini pia kuna faini ya kuacha mlango wazi. Matroni akipita jioni anaandika."

"Kwa hiyo ukifunga unalipa, ukiacha wazi unalipa."

"Tunachagua tu ya bei rahisi, Shangazi."

Chumbani mwao fremu ilikuwa imepasuka pale ulimi wa kitasa unapoingilia, na mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba ya viatu. Niliukaribia nikaunusa. Baba yetu alifanya kazi katika kiwanda cha kupasua mbao pale Elburgon, na harufu ile ndiyo aliyorudi nayo nyumbani kila jioni katika shati lake. Ilikuwa saipresi mbichi. Karibu na bawaba utomvu ulikuwa umepenya vanishi na kuganda kama machozi ya mshumaa. Mti ule ulikuwa haujakauka ulipogeuzwa kuwa mlango.

Ofisini tulikuta watu watatu: mkuu wa masuala ya wanafunzi, mwanamume mpana mwenye sauti ya upole; mhasibu, kijana nadhifu mwenye tai; na matroni, mama wa makamo kama mimi, ambaye macho yake yalisema angependa kuwa mahali pengine. Nilieleza habari ya mbao mbichi na mvua. Mhasibu alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu.

"Madam, mimi si fundi," akasema. "Lakini tukikubali kila mwanafunzi aje na mzazi na hadithi ya mbao, hatutabaki na mlango hata mmoja. Sheria inasema aliyekuwa na ufunguo ndiye mwenye jukumu."

"Sikuja na hadithi. Nimewaomba mkauone mlango."

"Ule umevunjika tayari, utatuambia nini? Twendeni tuangalie mlango mzima. Ukifungika na kufunguka vizuri, basi tatizo ni jinsi unavyofunguliwa."

Nikasema twendeni. Sikuwa nimepanga hivyo, na kusema kweli niliogopa. Huenda tungekuta mlango mmoja tu uliokuwa mtiifu, na mtoto akakosa mtihani kwa sababu ya mlango huo.

Mhasibu mwenyewe ndiye aliyechagua chumba, cha jirani. Mimi, mtoto na matroni tuliingia ndani pamoja na wasichana wawili wenye chumba waliokuwa wanasoma kitandani. Mkuu na mhasibu walibaki nje. Mhasibu aliinama, akaondoa kandambili kwa ncha za vidole na kuiweka kando.

"Sir, usifunge," mmoja wa wasichana akasema.

"Ndio kazi tuliyokuja kufanya."

Aliuvuta. Ulikwaruza fremu, ukagoma, akauvuta tena kwa nguvu, ukaingia. Tukabaki ndani tukitazamana. Kitasa kikazunguka upande mmoja, kikazunguka upande wa pili, na mlango haukutikisika. Tulisikia pumzi za mhasibu upande ule.

"Umefunga kwa ufunguo?" sauti ya mkuu ikauliza.

"Hapana, mkuu. Ufunguo uko ndani."

Matroni akahakikisha kwamba kufuli halijafungwa, akavuta kitasa kwa mikono miwili. Hakuna kitu. Mmoja wa wale wasichana alilaza kitabu kifuani na kusema kwa utulivu kwamba jana yeye alikaa humo mpaka saa nne akikosa somo la kwanza. Mwenzake akamwuliza matroni kama amekuja na kitu cha kula.

"Mnyamaze," matroni akasema, lakini alikuwa ameanza kucheka.

Nje, vyumba vingine vilikuwa vimefunguliwa na ukumbi ulikuwa umejaa kunong'ona. Kisha nikasikia mkuu, kwa ile sauti yake ya upole: "Hebu nipishe. Hawa wa ndani, sogeeni kando."

Kitasa kilipanda juu kidogo. Nilijua kinachofuata kabla hakijafuata, kwa sababu nimelisikia jambo hilo maisha yangu yote: kwanza unauinua, halafu bega. Mtu huyo hakuwa mgeni wa mvua. Mlango ulifunguka kwa mlio mmoja mkavu, mkuu akaingia nao karibu aanguke, na kipande cha fremu kikaruka na kutua sakafuni karibu na kiatu cha mtoto.

Halafu, kutoka ukumbini, sauti ya msichana ambaye sikumwona ikauliza, kwa heshima kamili: "Sir, utalipa kwa simu ama benki?"

Walicheka wote, ghorofa nzima, na mkuu alikuwa wa mwisho kuanza lakini si wa mwisho kuacha. Alijipangusa bega. Alisema nyumbani kwao ni Molo, upande wetu ule ule wa Mau, na kwamba mama yake bado hufungua mlango wa jiko hivyo hivyo. Kisha akamgeukia mhasibu.

"Andika jina langu."

"La nini, mkuu?"

"La faini. Nimeharibu mali ya chuo, watu wote wameona."

"Hapana, mkuu, huu ulikuwa umekwama. Ulikuwa na shida tayari."

Mkuu alimwangalia tu, na mhasibu akayasikia maneno yake mwenyewe yakirudi. Namsifu kwa hili: hakuyakimbia. Alirekebisha tai, akamtazama binti wa kaka yangu kwa mara ya kwanza tangu tufike.

"Wako pia ulikuwa umekwama?"

"Ndiyo, sir. Nilisema siku ile ile."

"Nani alikusikiliza?"

"Hakuna," akasema, bila kumtazama mtu yeyote hasa.

Tulirudi ofisini tukiwa kundi kubwa kuliko tulivyoondoka, kwa maana wasichana waliokuwa wamepigwa faini za milango walifuata nyuma, nao hawakuwa wachache. Hakuna aliyewafukuza. Mkuu alifuta faini zote za milango ya bweni lile tangu mvua zilipoanza, zile za kupasua fremu na zile za kuacha mlango wazi. Waliokuwa wamekwisha kulipa waliambiwa fedha zao zitahesabiwa katika karo. Akaagiza pia kwamba tangu siku hiyo hakuna kitu kitakachotozwa faini bwenini kabla matroni hajakwenda kukiangalia pamoja na mwanafunzi mwenyewe na kusikia maelezo yake. Matroni alisema hilo ndilo aliloomba tangu mwezi wa kwanza. Nadhani siku hiyo alishinda kuliko sisi sote, kwa maana sisi tungeondoka na yeye angebaki na milango.

Mhasibu alichapisha kadi ya mtihani mwenyewe. Ilitoka ikiwa na joto, akampa mtoto kwa mikono miwili. Mtoto aliisoma yote, jina, namba, orodha ya karatasi, kama mtu anayetafuta kosa, na alipolikosa akaikunja na kuiweka katika mfuko wa ndani wa koti. Tuliposhuka ngazi alikuwa ananitangulia, na nilimwona akiruka ngazi mbili mbili kama alivyofanya akiwa mdogo. Nami, mwalimu mzima mwenye magoti yasiyonitii tena, nilishuka nikiimba kwa sauti ya chini, na sikujali aliyenisikia.

Jioni nilimpigia kaka yangu. Nilimweleza yote kwa utaratibu, na nilipofika kwenye bega la mkuu alinikatiza. "Mtu wa wapi?" Nikamwambia Molo. Akasema, "Enhe," kwa kuridhika, kana kwamba ushahidi ulikuwa umekamilika.

Jumatatu nilikaa na simu mezani vipindi vyote vya asubuhi, jambo ambalo nawakataza wanafunzi wangu. Iliita baada ya saa sita.

"Shangazi, wameleta mafundi," akasema, kwa ile haraka yake ya kawaida. "Wameng'oa milango yote, wanapiga randa hapa hapa ukumbini. Maranda yamejaa mpaka vitandani. Tunalala na mapazia tu mlangoni. Na kelele, hata huwezi kusoma."

"Na karatasi ya leo ilikuwaje?"

"Ile? Ilikuwa rahisi," akasema. "Lakini hawa mafundi, Shangazi, hakuna mtu wa kuwaambia wapumzike kidogo? Kesho nina nyingine."