Samli kwenye Nyaya za Lori

Siku ile ya lori naikumbuka kila nikisikia injini inakohoa, mjukuu wangu. Leo umekuja kuniaga, unakwenda kujifunza udereva. Basi kaa kwanza unisikilize.

Enzi za Mjerumani, vita vilipoanza, walichukua ng'ombe wetu wote wa Msalato wakawalishe askari. Mume wangu Chilewa, mchungaji tangu utotoni, akabaki na fimbo tupu. Akapata kazi mjini Dodoma, kuosha lori la mfanyabiashara mmoja wa Kijerumani na kulizungushia hendeli liwake. Akalipenda lile lori kama alivyowapenda ng'ombe wake. Alikuwa akilisemesha, nami nilimcheka sana. Sisi Wagogo kamba ya ngozi huipaka mafuta isije ikakauka. Basi akaniomba samli, akapaka mikanda ya ngozi ya kufungia turubai, kisha akapaka na zile nyaya nyeusi zinazopeleka moto kwenye plagi. Zikang'aa, akafurahi.

Baadaye binti yetu wa kwanza, Nyemo, akashikwa na homa kali. Dereva wa lori, Bwana Salumu, mtu mpole wa pale mjini, alikuwa akirudi mjini na mzigo, Chilewa akiwa pembeni yake, akapita kwetu. Akasema, "Pandeni, shemeji. Tutafika kwa daktari kabla ya adhuhuri."

Hatukwenda mbali. Injini ikaanza kumisi: inavuta, inakata, inatetemeka. Salumu akasimama, akafungua plagi, akazifuta masizi, akazirudisha. Bado. Akabadilisha plagi ya silinda iliyokuwa ikikata na ya jirani yake, Chilewa akazungusha hendeli. Silinda ileile ikakata.

"Basi si plagi," Salumu akasema, akaushika waya wake. Mpira ulikuwa umelainika, unaachia vidoleni, na panya waliofuata harufu ya samli walikuwa wameutafuna hadi shaba ikaonekana. Moto ulikuwa unarukia kwenye chuma, haufiki kwenye plagi. Nyaya nyingine nazo zilikuwa hivyohivyo.

"Nani kapaka mafuta hapa?"

"Mimi," Chilewa akajibu. "Nilikuwa nazitunza."

Salumu akamtazama, kisha akamtazama mtoto mapajani mwangu. Hakupaza sauti. "Mafuta yanaozesha mpira, kaka. Kwa nini hukuniuliza?"

Akachana kitambaa kikavu, akazifunga nyaya mmoja mmoja, akizitenga na chuma. Jua likapita utosini. Lori lilipowaka lilikwenda kwa kujikokota, na Nyemo akanifia mikononi tukiwa tunaliona paa la stesheni ya Dodoma.

Pengine homa ile ingemchukua hata tungewahi. Nilimwambia Chilewa hivyo, hakunisikia. Alipozaliwa baba yako, alimpokea, akaniuliza, "Huyu anataka nini, mama?" Aliniuliza hivyo kila siku, mpaka mtoto akajua kusema mwenyewe. Iliniuma sana.

Sasa, mwanangu, injini ikimisi usiishie kwenye plagi, fuata waya mpaka mwisho wake. Na ukimpenda mtu, usimpe tu kile ulichozoea kutoa. Muulize anachohitaji, na umuulize mapema, mkiwa bado nyumbani. Mungu akujalie mdomo usioona haya kuuliza, na kila utakayempakia, umfikishe akiwa hai.