Hati ya Msitu wa Mzee Ndunguru

Siku yangu ya kwanza kazini Mbinga nilifika kabla mlinzi hajafungua geti, nimevaa viatu vya ngozi alivyoninunulia baba kule Kigonsera. Afisa Ardhi wa Wilaya, bosi wangu wa kwanza, alivitazama viatu kabla hajanitazama mimi.

"Binti, hivyo ni vya kanisani. Ardhi ya hapa iko milimani. Kesho njoo na raba."

Nikaja na raba. Kazi yetu ilikuwa kupima mashamba na kuandaa hatimiliki za kimila, yaani karatasi inayomtambua mwanakijiji kuwa mwenye shamba alilorithi kwa wazee wake. Tulivuta utepe katikati ya kahawa, tukaruka mashimo ya ngoro ambayo Wamatengo huchimba ili mvua isiondoke na udongo, kisha nikachora ramani kwa penseli. Ninyi wa leo mnabonyeza kifaa cha setilaiti na mpaka unajitokeza. Siwaonei wivu. Utepe ulinilazimu kukaa na watu, kula kwao, kusikia ugomvi wao.

Ndipo alipokuja Mzee Ndunguru kutoka Maguu, kofia mkononi. Alikuwa na msitu wa asili juu ya chemchemi, aliouachiwa na baba yake.

"Nataka hati," alisema, "lakini iliyofungwa. Nikifa, watoto wairithi. Wakitaka kuuza, wauze. Ila miti isikatwe, awe mwanangu, awe mnunuzi."

Bosi akatueleza wote wawili. Hayo ni masharti ya hifadhi. Ardhi inabaki ya mwenyewe, kinachofungwa ni matumizi, na sharti linaifuata ardhi hata ikibadili mikono. Familia ikubali, halmashauri ya kijiji ipitishe, nakala ikae masjala ya ardhi ya kijiji.

"Utaandika wewe," akaniambia. "Na mama wa nyumba asipoweka dole gumba, usirudi na karatasi hiyo."

Nikapanda Maguu. Familia ilikaa uani. Mke wa mzee alizungumza Kimatengo, mtendaji wa kijiji akitafsiri, akaweka dole bila kusita. Aliyesita ni mtoto wao mkubwa, Kanisius.

"Baba, nina watoto watatu. Kahawa yangu nitapanda wapi? Juu ya bati?"

"Ukimaliza miti ile, hiyo kahawa utainywesha nini?"

Kanisius alitia sahihi akikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Niliona, nikaikunja karatasi hivyo hivyo. Nilikuwa na haraka ya kurudi na kazi iliyokamilika.

Mzee hakukaa sana, akafariki. Asubuhi moja mtendaji akatuma ujumbe kwamba chenso inalia kwa Ndunguru. Tulipofika, miti miwili mikubwa ilikuwa chini, na Kanisius amesimama kando ya fundi wake. Bosi hakupandisha sauti. Alifungua hati.

"Sahihi hii ya nani?"

"Yangu."

"Basi zima mashine."

Ikazimwa. Kanisius akanigeukia mimi. "Dada, umeninyang'anya shamba kwa kalamu."

Nilishuka Mbinga na maneno hayo. Baadaye nikahamishiwa Mbamba Bay, na miaka ile ya ziwani ndiyo ninayoikumbuka zaidi: usipa, dagaa wa kule, ukianikwa mchangani, harufu yake ikiingia mpaka kwenye mafaili, na familia za mdomo wa mto zikija kufunga matete yao kwa hati, maana samaki aina ya mbasa hupita hapo wakipanda kutaga. Huko huko nikamkuta mtoto wa kwanza wa Kanisius akivuta nyavu. "Baba hakuwa na shamba la kunigawia," alisema, bila chuki.

Sasa nimestaafu. Watu huniuliza niliokoa misitu mingapi. Mimi huwakumbuka zaidi waliobaki nje ya mpaka niliouchora.

Majuzi Kanisius alibisha hodi kwangu, kichwa cheupe.

"Shikamoo, kaka," nikasema. "Karibu ndani."

"Marahaba, dada."

Alikaa. "Hati ya baba uliiandika vibaya."

"Vibaya vipi?"

"Uliandika kitu chochote kisitolewe msituni. Kijiji kikashika neno hilo hilo. Mama yangu alifuata kuni ng'ambo ya kilima mpaka uzee wake wote, huku kuni kavu zikioza msituni, nyuma ya nyumba yake."

Miaka yote ile sikuwahi kurudi kuuliza. "Nisamehe," nikasema.

Alitikisa kichwa polepole. "Miti ile niliichukia sana. Kisha nikaanza kwenda pale bila shughuli yoyote, nakaa tu. Sasa mteremko wa juu wa kishamba changu nimeuacha uote miti. Nataka nao uandikwe."

"Mimi sina mhuri tena, Kanisius."

"Mhuri uko ofisini. Kwako nimefuata maneno."

Nilitafuta miwani, nikafungua daftari, nikamsubiri.

"Anza na kuni kavu," alisema.