Finjani Niliyoijaza Mpaka Juu

Wakati wetu, sisi wasichana wa skauti wa Ibra, Omani, nishani ya juu haikupatikana kwa kukaa. (Namaliza sekondari mwaka huu, niacheni nijifanye mzee.) Tulipigwa jua hata pua zikabambuka, tukafunga mafundo mpaka vidole vikaota sugu, na skafu zetu zilinuka moshi hata zikifuliwa mara tatu. Bibi yangu, mzaliwa wa Unguja, akinusa husema, "Huyu kaenda skuli au kaenda kubanika samaki?"

Mtihani wa mwisho tulifanyia Al Mintirib, pembeni mwa jangwa: uwashe moto, upike kahawa, umkaribishe mgeni kwa maneno mazuri. Moto nauweza. Maneno ndiyo yaliyonitisha. Mimi nikisemeshwa tu, hutazama viatu.

Mgeni alikuwa Abla, ndivyo huku tunavyomwita mwalimu wa kike, naye ndiye aliyetusahihisha. Kahawa ikatoka nzuri, hiliki inanukia. Nikamtilia finjani mpaka ukingoni kama nyumbani, maana Bibi husema nusu kikombe ni cha usiyempenda. Wenzangu wakaziba midomo. Mmoja akanong'ona, "Mzinjibari kamfukuza Abla!"

Kumbe huku kahawa hutiwa kidogo tu, chini. Finjani ikijaa, maana yake kunywa, kisha uende zako.

"Nimekukosea nini, ya binti?" Abla akaniuliza.

Machozi yakanilenga, lakini nishani ilikuwa inaniponyoka. Nikajikaza: "Abla, kwetu kujaza ndiyo heshima."

Akainywa yote, taratibu, asibakize. "Heshima yako nimeinywa. Nishani bado. Wiki ijayo unikaribishe kwa desturi ya hapa."

Wiki nzima mgeni wangu akawa Bibi. Kila nikimtilia kidogo, ananuna: "Tone moja! Mimi ndege?" Nikacheka, nikamweleza, akabisha, nikamweleza tena, mpaka ulimi ukanilainika. Mimi, niliyeogopa hata kuitikia salamu, nikawa nabishana na Bibi kutwa! Siku ilipofika nikamkaribisha Abla huku namtazama usoni. Akatikisa finjani, ishara kwamba ametosheka, akanibandika nishani kifuani.

Siku hizi wadogo zetu wanakwenda kambini na chupa ya kahawa iliyopikwa na mtumishi nyumbani. Wanamimina sawasawa, wanapigana picha, wamefaulu. Hongera zao. Ila nawaonea huruma kidogo: hakuna anayewarudisha nyumbani, wakae wiki nzima na bibi zao.