Renatha na Chupa ya Jumatatu

Kila Jumatatu asubuhi Renatha Kokuberwa hupandisha kitenge chake na kuingia ziwani mpaka maji yamfike mapajani. Huisuuza chupa mara tatu kwa maji ya ziwa lenyewe, huizamisha, huifunga ikiwa bado chini ya maji, kisha hurudi ufukweni kupima uchachu wa maji na kuandika daftarini. Ameifanya kazi hiyo miaka sita katika mwalo mmoja wa Muleba, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga. Siku nyingine zote huanika dagaa kama wenzake. Wavuvi humwita Mama Vipimo.

Aliyemfundisha ni Annastella, mtafiti wa chuo kikuu ambaye nusu ya mwaka hushinda kwenye matumbawe ya pwani. Alimweleza kwamba moshi wa magari na viwanda hauishii angani. Sehemu yake humezwa na maji, nayo maji huchachuka kidogo kidogo. Huko baharini matumbawe hupata shida kujijenga. Annastella alitaka kujua kama ziwani nako konokono na kome watafikwa na shida hiyo, na ili kujua, lazima mtu apime miaka mingi bila kukosa. Renatha, aliyeishia darasa la saba kule Kishanda huku akitamani kuwa mwalimu wa sayansi, alikubali kabla hajaulizwa mara ya pili.

Kipimo kikisoma chini ya saba, maji yamekuwa machachu. Ziwa la Renatha halikuwahi kufika huko, mpaka Jumatatu moja kiliposoma sita nukta nane. Akapima tena. Ikawa ileile. Akamtumia Annastella ujumbe, na jibu likaja upesi: “Mama, nakuja Alhamisi. Ikiwa ni kweli, ni jambo kubwa. Ikiwa kuna kasoro, itabidi tuvitilie shaka vipimo vyako vyote.”

Vyote. Miaka sita.

Habari zikaenea mwaloni. “Mama Vipimo,” akasema Mayunga, mvuvi aliyetoka Usukumani, “kwa hiyo sangara sasa tuwapike bila ndimu?”

“Wewe acha kuoga humo,” Renatha akamjibu. “Labda ndiyo sababu yamechacha.”

Alicheka nao, lakini usiku alilifungua daftari, akazipitia Jumatatu zote moja moja.

Jumatano alipoichukua chupa rafuni, aliona vijinzi vidogo vimeuzunguka mdomo wake, vile vinavyofuata ndizi mbivu. Akanusa. Ikamnukia pombe.

Jirani yake Joviana alikuwa ameiazima chupa hiyo Ijumaa iliyopita, ampelekee maziwa mwanamke aliyejifungua. Jumamosi akairudisha imejaa rubisi, pombe ya ndizi, kwa maana chombo cha mtu hakirudi kitupu. Jumapili, baada ya misa, Renatha akainywa rubisi ile taratibu, akaifurahia. Na Jumatatu mitumbwi ya dagaa iliwahi kufika, wanunuzi wakawa wanamwita.

“Ulisuuza mara ngapi?” Joviana akamuuliza aliposimuliwa.

“Moja. Na machicha yalikuwa bado chini.”

“Waitu! Ulitaka nikurudishie chupa kavu, uniseme mwalo mzima?” Kisha akapunguza sauti. “Nyamaza tu. Ziwa halina mdomo wa kukukana.”

Hilo ndilo lililomsumbua Renatha. Akinyamaza, ziwa lingebeba kosa lake, na watu wasomi wangeandika kwamba limechacha. Akisema, daftari lake lingeweza kuishia kuwashia moto.

Alhamisi, Annastella hajatua hata mkoba wake, Renatha akamweleza yote: maziwa, rubisi, misa, mitumbwi. Annastella aliomba daftari, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaanza kufungua kurasa. *Mvua kubwa, maji ya tope. Nimechelewa nusu saa, mtoto ana homa. Chupa imepasuka, nimetumia ya akiba. Leo nimesahau kufunga chini ya maji.* Kila kasoro ya miaka sita ilikuwa imeandikwa humo kwa mwandiko wa mviringo.

“Mama,” akasema hatimaye, “mtu wa kudanganya haandiki haya.”

Wakaingia ziwani pamoja na chupa mpya, wakasuuza mara tatu. Kipimo kikasoma nane nukta moja. Renatha akashusha pumzi, na Annastella akaanza kucheka mpaka akashika mbavu.

“Na hiyo rubisi, ilikuwa nzuri?”

“Ndizi za Izimbya. Ningekubakizia, kama ningejua.”

Annastella akachukua kalamu ili aifute Jumatatu ile. Renatha akamzuia mkono. Akapiga mstari mmoja juu ya sita nukta nane, namba ikibaki inasomeka, akaandika pembeni: *Chupa ilitoka kwa jirani na rubisi. Nimesuuza mara moja. Kosa ni langu, si la ziwa.*

Joviana, aliyekuwa akichungulia juu ya mabega yao, akauliza, “Na jina langu umeandika?”

“Nimeandika jirani.”

“Andika na jina. Rubisi ilikuwa nzuri, nini cha kuficha?”