Viputo vya Siku Moja Tu

Maji yalianza kutoa viputo yenyewe, saa tano asubuhi, bila moto wala waya.

Nilikuwa peke yangu maabara. Nilipiga ukelele hadi watu wa chumba cha pili wakaja mbio wakidhani nimeungua.

Mimi ni mtafiti. Natengeneza unga wa chembe za nano, ndogo kiasi kwamba ukipanga elfu moja hazifikii unene wa unywele. Unautia kwenye maji, unaweka chupa juani, mwanga unayagawa maji, inatoka haidrojeni. Gesi ya kuwashia jiko.

Mama yangu alikuwa ananishangaa. "Maji yanazima moto, mwanangu. Wewe unataka yawashe?"

Ndiyo, mama. Nilitaka yawashe.

Fundi wetu wa mashine ya kupimia, tunayemwita Mama Gesi, akavuta sampuli.

"Haidrojeni hiyo! Tena ya kumwaga!"

Profesa, mkuu wangu, akanikumbatia. Mwezi uliofuata kazi ikatoka kwenye jarida la sayansi, jina langu likiwa la kwanza kwenye orodha ya waandishi. Mama akatangazia mtaa mzima.

Kisha nilipoirudia, ikagoma.

Nikatengeneza unga upya. Kimya.

Nikabadili maji. Kimya.

Nikahamisha chupa dirisha hadi dirisha, nalifukuza jua kama kichaa. Miezi saba, majaribio arobaini na moja, hata kiputo cha kusingiziwa hakuna.

"Mkono wako umeharibika," Profesa akaniambia mbele ya wenzangu. "Mara ya kwanza uliwezaje?"

Niliumia, acha tu. Nikifika nyumbani mama anauliza, "Yamewaka?" Napitiliza chumbani.

Siku moja hasira zikanipanda, nikamfuata Mama Gesi.

"Mama, nitolee tena vipimo vya siku ile. Vyote."

Akachapa kurasa mbili. Mimi nilikuwa nimeonyeshwa mmoja tu.

"Huu wa haidrojeni," akasema. "Huu wa oksijeni. Sifuri."

Maji yakigawanyika lazima yatoe zote mbili. Oksijeni haipo? Basi maji hayakugawanyika.

Nikavuta kumbukumbu. Siku ile nilikuwa na haraka, chupa niliisuuza kwa spiriti, sikuikausha.

Nikakimbilia dirishani, nikadondosha spiriti kidogo kwenye maji yenye unga.

Viputo! Tele!

Unga ulikuwa unaila spiriti. Maji haukuyagusa.

Nililia palepale.

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza Mama Gesi.

"Nikuambie nini tena? Kurasa zote mbili nilimpa Profesa mkononi, siku ileile."

Sikubisha hodi. Nikamtupia Profesa ule ukurasa wa oksijeni mezani.

Hakukana.

"Nilidhani utayagawa maji kweli kabla watu hawajauliza."

"Miezi saba unaniambia mkono wangu mbovu!"

"Punguza sauti. Jina la kwanza ni lako. Ukiianika hii, unajianika mwenyewe."

Nikajianika. Mchana uleule niliwaandikia watu wa jarida, nikaeleza kila kitu, spiriti na yote, nao wakaja kuyachapisha masahihisho yangu.

Profesa hanisalimii tena. Mkataba wangu hakuuongeza.

Jioni ya siku niliyowaandikia, mama akauliza kama kawaida yake. Safari hii nilikaa.

"Hayakuwaka, mama. Hata ile siku ya kwanza hayakuwaka."

Akauliza, "Basi utaanzia wapi?"



Kisha wiki iliyopita nikapata ujumbe kutoka kwa dada nisiyemjua, mtafiti wa maabara ya mbali:

"Nimeirudia kazi yako miezi mitano, nashindwa. Mkuu wangu alishaniandikia barua ya kuniondoa, eti sijui kazi. Leo nimembandikia masahihisho yako mlangoni. Barua ameichana mwenyewe."

Kumbe wakati mimi najilaumu huku, mwenzangu alikuwa anaungua kule kwa uongo uliobeba jina langu. Na sijui wako wangapi wengine.

Ndugu yangu unayesoma, ukikosea, sema mapema. Kuna mtu usiyemjua anajiona mjinga kwa sababu wewe umenyamaza.