Nyayo Zisizo na Visigino

Enzi zetu, sisi tuliokulia vijijini Kasulu, mtoto hakununuliwa mchezo. Mchezo wetu ulikuwa tope. Kiangazi kikishika na mahindi yakishaingia ghalani, kila mwenye ndoto ya nyumba ya tofali alichimba shimo la udongo karibu na kijito, maji yakamwagwa, na watoto wakaambiwa waingie wakanyage. Leo ukimwambia kijana avue viatu akanyage udongo atakuuliza kama kuna posho. Sisi tuligombania nafasi. Tope lilikuwa la baridi, lilipanda mpaka magotini, lilinyonya mguu na kuuachia kwa mlio uliotuchekesha mpaka mbavu zikauma. Jioni tulioga kijitoni, tukarudi kula ugali wa muhogo na maharage yaliyoungwa kwa mawese, na usingizi ulitukuta bado tumeshika tonge.

Katika shimo lile, mdogo wangu Yona alikuwa bingwa. Wenzake tulichoka na kutoka, yeye alibaki akikanyaga na kuimba wimbo wake usio na maneno, uso umetulia kabisa. Na ndani ya tope hakuna aliyemshangaa, kwa sababu hakuna aliyeona miguu yake.

Nje ya tope Yona alitembea kwa ncha za vidole. Tangu siku aliposimama mara ya kwanza, visigino vyake viligusa ardhi kwa nadra sana. Alipita uani kama mtu anayenyata asimwamshe mgonjwa, na akifurahi alipunga mikono na kurukaruka hapo hapo. Maneno yake yalikuwa machache. Mashine ya kusaga ikiwashwa aliziba masikio akakimbilia migombani, lakini aliweza kukaa asubuhi nzima akitazama maji yakipita juu ya jiwe. Mambo haya hatukuwa na jina lake. Tulisema tu kwamba Yona ndivyo alivyo. Mama alimtania kwa Kiha chetu: "Mwana wanje, mwanangu, visigino hukuviacha tumboni mwangu. Hebu viteremshe." Yona alicheka, akaviteremsha kidogo ili kumridhisha mama, halafu akavipandisha tena akaenda zake.

Majirani hawakuwa wapole hivyo. Wapo waliosema mama alivuka kamba ya mbuzi akiwa mjamzito. Wengine walisema mtoto anaiogopa ardhi, labda anaona chini yetu kitu tusichokiona. Baba, ambaye alikuwa mfyatua tofali na mtu wa maneno ya kuhesabika, hakubishana na yeyote. Yeye alijaribu dawa yake mwenyewe: alimtwika Yona ndoo ya maji akidhani uzito utamshusha. Yona alipanda mteremko wote kutoka kijitoni juu ya vidole vyake, na maji yalifika nyumbani yametulia kama alivyoyachota. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Baba hakucheka. Shule ilikuwa inakaribia, na aliogopa siku mwanawe atakaposimama kwenye gwaride mbele ya watoto wote.

Ndipo akaja baba mkubwa, kaka yake baba, kwa lori kutoka Kibondo. Alimtazama Yona akikatiza uani, akatikisa kichwa. Alisema huko kwao yupo fundi wa kuunga mifupa ambaye huifunga miguu ya namna hiyo kwenye vibao, kisigino kikalazwa kwa nguvu, na mtoto akakaa hivyo hivyo hadi mishipa itii.

"Msimu mmoja tu," baba mkubwa alisema. "Atalia, lakini atanyooka. Lori likirudi wiki ijayo nampakia."

Baba alikubali. Mama alifua nguo za Yona, akazikunja, akaziweka kwenye kikapu karibu na mlango. Mimi na Yona tulilala mkeka mmoja, na nilikuwa namwona jinsi asivyopenda hata kushikwa mkono ghafla. Nilijaribu kumfikiria amefungwa miguu msimu mzima, nikashindwa. Niliogopa sana, na sikuwa na wa kumwambia.

Siku mbili kabla ya lori, baba alianika matofali kwenye uwanja ulio nyuma ya nyumba, mistari kwa mistari. Aliyefyatua tofali anajua kwamba adui wa uwanja ule si mvua peke yake, ni kila chenye miguu. Mbuzi akipita, kwato inachimba, na tofali hilo likiingia tanuruni linapasuka. Kwa hiyo tulikatazwa kusogea huko hata kwa mpira.

Asubuhi yake baba alikwenda kuyageuza matofali. Tulisikia amenyamaza. Sijui nielezeje namna mtu anavyosikika akinyamaza, lakini mama alitoka jikoni na mimi nikamfuata. Mstari mmoja mzima, mwanzo hadi mwisho, ulikuwa na nyayo. Vidole vitano na ule mto wa mbele ya mguu, basi. Tofali baada ya tofali, katikati kabisa ya kila moja, mguu wa kulia, mguu wa kushoto. Mwisho wa mstari Yona mwenyewe alikuwa amechuchumaa, anatazama kazi yake kwa furaha.

Mama aliwahi kumwita Yona aje kwake, maana alijua mkono wa baba. Baba hakuinua mkono. Alipiga magoti. Akaingiza kidole kwenye alama ya kwanza kupima kina chake, akagonga tofali kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Akaenda la pili, akagonga. Alikwenda hivyo mstari mzima akitambaa kwa magoti. Hakuna lililopasuka, hakuna lililopinda, hakuna kona iliyoanguka. Kisha akaniita.

"Kanyaga hapa."

Nilidhani ni mtego. Nikakanyaga tofali moja safi la mstari wa pili, kwa mguu wangu wa kawaida wenye kila kitu. Kisigino kilizama kama jembe na ukingo wote wa nyuma ukamomonyoka.

Baba alitazama wayo wangu, akatazama nyayo za Yona. Nilimwona mzee yule macho yake yanabadilika. Miaka yote alikuwa anamtazama mwanawe akitafuta kisigino, na asubuhi ile, kwa mara ya kwanza, aliuona mguu uliopo, jinsi ulivyosimama imara na kujua uzito wake wenyewe. Alifuta jasho, akaniambia bila kucheka, "Basi wa kupelekwa Kibondo ni wewe."

Mama aliangua kicheko, kikageuka kilio, kikarudi kuwa kicheko. Mimi nilibaki nimesimama na tope kisiginoni, mwili umenisisimka. Hata leo nikikumbuka mwili unasisimka.

Lori lilipokuja baba alimwambia kaka yake safari isubiri, matofali hayajakauka. Lilipokuja tena, tanuru lilikuwa linawaka na mwenye tanuru haondoki. Mara ya tatu baba akamwambia, "Acha kwanza nijenge. Nyumba ikiisha, nitamleta mwenyewe." Baba mkubwa alikubali, kwa sababu nani anakatisha ujenzi.

Nyumba ilijengwa. Mstari wa Yona baba hakuuweka ukutani, aliutandaza barazani, nyayo zikitazama juu, na fundi aliyemsaidia akaona huyu mzee amechanganyikiwa. Yona alipelekwa shule akasoma alivyoweza, akachekwa, akazoeleka. Lakini chumba cha nyuma kilibakia bila safu ya juu ya tofali na bila paa. Baba mkubwa kila alipokuja aliuliza, "Nyumba imeisha?" na baba alijibu, "Bado chumba kimoja." Miaka ikapita hivyo. Watu walimcheka baba kwamba anafyatulia wenzake tofali za nyumba nzima nzima na yake imemshinda. Mama alipanda maboga mle ndani.

Tulipomzika baba, ndugu walitaka kukimalizia kile chumba kwa heshima ya marehemu. Matofali yalishaletwa. Mama alisimama mlangoni akiwa na khanga ya msiba kichwani, akawaambia, "Mkimaliza nyumba hii, itabidi mmpeleke Yona Kibondo." Baba mkubwa, mzee wa mkongojo wakati huo, alikuwa wa kwanza kugeuka. Alikuwa anajua siku nyingi.

Sasa naishi mimi humo, na Yona. Ni mtu mzima mwenye mvi, na bado anatembea juu ya vidole. Ndala zake huisha mbele tu, nyuma zinabaki mpya kama za dukani, fundi viatu wa mjini ameshazoea. Asubuhi za baridi mashavu ya miguu yanamkaza, yanamuuma. Mtaalamu wa mazoezi pale hospitali alituonyesha namna ya kuinyoosha taratibu, na maji ya moto, bila kumlazimisha. Huyo ndiye aliyenitajia usonji, akaniambia wapo wengi wanaotembea hivyo, watoto kwa wakubwa, na si kila anayetembea hivyo anao. Nilishukuru kupata jina nikiwa na mvi.

Mwezi uliopita mwanangu Neema alikuja kutoka Dar es Salaam na mtoto wake Amani, ambaye pia anatembea kwa vidole na huongea kidogo. Neema ameambiwa mengi kwenye simu, na watu wa mitandaoni, kuhusu kutembea huko. Alikuja ameshamwita fundi wa Kasulu mjini, ameshaagiza vigae vya baraza na saruji ya chumba cha nyuma. Kutwa nzima alikuwa nyuma ya mtoto: "Kisigino, Amani. Kisigino." Sauti yake ilikuwa imechoka, na nilimwonea huruma.

Jioni Amani aliziona zile nyayo barazani. Zimefifia, lakini zipo. Aliweka kidole gumba kwenye ya kwanza, mguu ukaingia. Akaweka wa pili. Yona, ambaye huwakwepa watoto kwa sababu ya kelele, aliinuka akamfuata, naye juu ya vidole, na wote wawili wakaenda mpaka mwisho wa baraza, wakageuka, wakarudi. Neema alikuwa ameshafungua mdomo. Akaufunga. Baadaye akaniuliza, "Mama, kwani babu alishindwa nini kumaliza kile chumba?" Nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi.

Fundi alifika asubuhi na futi yake mkononi. Neema alimwambia apake rangi jikoni, baraza asiliguse, na chumba cha nyuma bado.

"Bado mpaka lini, dada?"

"Bado tu, fundi."

Enzi zetu hatukuwa na vigae wala wataalamu, na mengi yametufaa kuja kwake, sitasema uongo. Lakini nyumba zilijengwa pole pole siku zile, na baba mmoja aliweza kujificha ndani ya ujenzi maisha yake yote. Neema aliondoka jana. Nilimfungia boga moja la kule nyuma, kubwa, Amani akalipakata njia nzima hadi stendi.